Ubaguzi wa nyumba na kazi Marekani: mwongozo kamili wa kukusanya ushahidi na kuutumia mji wako

Ubaguzi wa siku hizi Marekani ni nadra kuja na matusi. Unakuja na tabasamu, na "asante kwa kupiga simu", na "tutakutafuta". Unaulizia nyumba ya vyumba viwili uliyoiona kwenye tangazo asubuhi hiyo hiyo, upande wa pili wanasikia lafudhi ya Bukavu au ya Tanga, na ghafla nyumba imeshachukuliwa. Unaomba kazi ya ghalani, jina juu ya wasifu wako ni Mwajuma au Bahati, na hupati jibu kabisa. Huwezi kuapa kwamba umebaguliwa, maana huenda nyumba imechukuliwa kweli. Wewe umeona nusu moja ya tukio. Nusu ya pili ni vile alivyojibiwa mtu mwingine aliyepiga simu saa moja baada yako.

Nusu hiyo ndiyo inayotafutwa na idara za haki za kiraia za miji mingi ya Marekani, na zina njia ya kuipata ambayo wewe peke yako huna. Mwongozo huu unaanza na njia hiyo, kisha unaeleza namna ya kuiandaa nusu yako ikiwa safi na kuifikisha kwao kabla muda haujapita. Nimewalenga ndugu zetu waliotoka kambi za Nyarugusu na Kakuma wakapelekwa Louisville, Columbus, Boise au Phoenix, pamoja na Wakenya na Watanzania waliokuja kwa bahati nasibu ya green card, kwa masomo au kwa ndoa. Mfano mkuu ni Jiji la New York, kwa sababu sheria yake ni miongoni mwa zilizo kali zaidi nchini. Pale ambapo mambo ni tofauti kwingine, nitasema.

Jinsi mji unavyoipata nusu ya pili

Njia yenyewe ni jaribio la jozi. Idara, au shirika lililopewa kazi hiyo na idara, inaandaa watu wawili wanaoitwa wapimaji. Tuseme ni wanawake wawili wa umri wa miaka thelathini na kitu, mmoja Mweusi na mmoja Mzungu, wote wanatafuta nyumba ya chumba kimoja, wote wana kazi ya kudumu na wote wako tayari kuhamia mwezi ule ule. Yule wa kundi linalochunguzwa hupewa sifa bora kidogo, kwa mfano kipato kinachozidi cha mwenzake. Hilo hufanywa kwa makusudi, ili akikataliwa mwenye nyumba asije akajitetea kwamba alimchagua mwenye uwezo zaidi.

Kila mmoja anakwenda kwa wakati wake. Hajui mwenzake amejibiwa nini. Akitoka tu, anaandika ripoti: aliambiwa kuna nyumba ngapi, kodi ni kiasi gani, amana kiasi gani, alionyeshwa chumba au alionyeshwa picha, aliombwa nyaraka zipi, alitajiwa mtaa mwingine "utakaomfaa zaidi", na je, walimpigia tena baadaye? Haandiki alivyojisikia. Haandiki kwamba dalali alionekana mbaguzi. Kisha mratibu anaziweka ripoti mbili mezani, moja kando ya nyingine.

Hapo ndipo mambo hufichuka, na ningependa kila mwenzetu alielewe hili: mara nyingi wapimaji wote wawili hurudi wakisema wamepokelewa vizuri. Wote walikaribishwa kiti, wote walichekewa. Ila mmoja ameambiwa kuna nyumba tatu na mwingine ameambiwa ipo moja. Mmoja ametajiwa punguzo la mwezi wa kwanza na mwingine hakulisikia kabisa. Kwa hiyo ukisema "yule mama alikuwa mpole, haiwezekani kuwa ni ubaguzi", unapima kwa kipimo kisichopima chochote.

Mahakama Kuu ya Marekani iliupa utaratibu huu nguvu mwaka 1982, katika kesi ya Havens Realty Corporation dhidi ya Coleman. Huko kando ya Richmond, Virginia, mpimaji Mweusi Sylvia Coleman aliulizia nyumba mara kadhaa mwaka 1978 na kuambiwa hakuna. Mpimaji Mzungu, Kent Willis, aliambiwa zipo. Kampuni ikajitetea kwamba Coleman hakuwa na nia ya kupanga, kwa hiyo hakuumizwa. Mahakama ikasema sheria inampa kila mtu haki ya kuambiwa ukweli kuhusu nyumba iliyopo, na aliyedanganywa kwa sababu ya rangi yake ameumizwa hata kama hakukusudia kuhamia.

Ukubwa wa tatizo unajulikana pia kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2012 Wizara ya Nyumba ya serikali kuu, HUD, iliendesha majaribio zaidi ya 8,000 katika maeneo 28 ya miji mikubwa. Wapangaji Weusi walielezwa nyumba pungufu kwa asilimia 11.4 kuliko Wazungu wenye sifa zile zile. Kwa wanunuzi Weusi upungufu ulikuwa kama asilimia 17. Mwaka 2019 gazeti la Newsday lilichapisha uchunguzi wake wa miaka mitatu katika kisiwa cha Long Island, jirani na New York. Madalali 93 walipimwa kwa kamera za siri, na wapimaji Weusi walitendewa tofauti katika asilimia 49 ya majaribio. Wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini ilikuwa asilimia 39, na Waasia 19.

Upande wa ajira ni mgumu zaidi, kwa sababu huwezi kumtuma mtu kwenye usaili bila kumtungia historia ya kazi. Njia iliyozoeleka ni kutuma wasifu. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walijibu matangazo kama 1,300 ya kazi huko Boston na Chicago kwa karibu wasifu 5,000 wa kubuni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wenye majina ya Kizungu waliitwa mara moja kwa kila wasifu 10. Wenye majina yanayojulikana kuwa ya Weusi iliwabidi watume 15. Huko Milwaukee mwanasosholojia Devah Pager alituma vijana wenyewe mlangoni kwa waajiri: Mzungu aliyedai amewahi kufungwa aliitwa tena kwa asilimia 17, na Mweusi ambaye hakuwahi kufungwa aliitwa kwa asilimia 14. Soma tena takwimu hizo mbili.

New York ililichukua hili ikalifanya kazi ya serikali. Mwaka 2015 Baraza la Jiji lilipitisha sheria mbili, moja ya nyumba na moja ya ajira, zikiitaka Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji ifanye majaribio ya jozi na kutoa taarifa. Na kwa kuwa siku hizi wasifu wako husomwa kwanza na kompyuta, jiji lina sheria nyingine, namba 144, iliyoanza kutekelezwa Julai 5, 2023. Mwajiri anayetumia programu kuchuja waombaji lazima ahakikishe inafanyiwa ukaguzi wa kila mwaka kuona kama inawaangusha watu wa rangi au jinsia fulani, achapishe muhtasari wa ukaguzi huo, na akujulishe siku 10 za kazi kabla ya kuitumia kwako. Ukiomba kazi New York, ingia kwenye tovuti ya kampuni uutafute muhtasari huo. Ni nusu ya pili iliyowekwa hadharani.

Hatua ya 1: Jua unalindwa kwa lipi

Sheria haikulindi dhidi ya kila dhuluma. Mwenye nyumba anaruhusiwa kukukataa kwa sababu kipato hakitoshi au rekodi yako ya mikopo ni mbaya, mradi kipimo hicho anakitumia kwa wote.

Kwa nyumba, sheria ya serikali kuu ilitiwa saini Aprili 11, 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. Inakataza ubaguzi wa rangi, dini na nchi utokayo; jinsia iliongezwa mwaka 1974, ulemavu na kuwa na watoto mwaka 1988. Hilo la watoto linatuhusu sana, maana familia zetu ni kubwa. Mwenye nyumba hawezi kusema hapangishi wenye watoto, wala kusema familia zote atazipanga ghorofa ya chini, isipokuwa ni makazi ya wazee yanayotambuliwa kisheria. Anachoweza ni kuweka kikomo cha idadi ya watu kinachoeleweka, na HUD kwa kawaida huona watu wawili kwa kila chumba cha kulala kuwa ni kikomo cha haki, ingawa ukubwa wa vyumba na umri wa watoto pia huangaliwa. Familia ya watu wanane ikikataliwa nyumba ya vyumba viwili, shauri hilo halitafika mbali. Ya watu wanne ikikataliwa nyumba hiyo hiyo kwa sababu "watoto wana kelele", shauri lipo.

Wanaolipa kodi kwa vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, jihadharini na jambo moja: sheria ya serikali kuu haikatazi kukataa vocha. Sheria za miji na majimbo ndizo zinazokataza. Jiji la New York lilianza mwaka 2008, jimbo la Washington 2018, jimbo zima la New York 2019, California 2020. Ukiwa jimbo ambalo halina sheria hiyo, tangazo la "hatupokei vocha" linaudhi, ila huenda si kosa.

Kwa ajira, sheria kuu ni ya mwaka 1964 na inawagusa waajiri wenye wafanyakazi 15 na zaidi. Jiji la New York limeshusha hadi wanne, jimbo la Washington wanane. Ukifanya kazi kwenye duka dogo, idadi hiyo ndiyo itakayoamua uende mlango upi.

Hatua ya 2: Zitambue dalili

Simu ikipokelewa na nyumba "imechukuliwa", lakini tangazo likaendelea kuonekana wiki nzima. Kodi iliyopanda kati ya simu na miadi. Dalali anayekusifia mtaa mwingine "wenye watu wenu". Kuombwa hati za miezi sita ya benki wakati tangazo lilitaja miezi miwili. Swali la "mnatoka nchi gani hasa?" kabla hujaulizwa kipato.

Kazini, dalili ninayoiona ikiwapata wenzetu wengi ni ya nyaraka. Siku ya kujaza Fomu I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, karani anasema "lete green card". Hana haki hiyo. Orodha ya nyaraka zinazokubalika iko kwenye fomu yenyewe, na anayechagua ni mfanyakazi. Leseni ya udereva ya jimbo pamoja na kadi ya Social Security isiyo na masharti inatosha kabisa, na mkimbizi aliyefika karibuni anaweza kuanza kazi kwa I-94, hati ya kuingia nchini, yenye muhuri wa ukimbizi, kisha alete nyaraka nyingine ndani ya siku 90. Karani anayemdai mgeni green card huku akipokea leseni ya Mmarekani anavunja sheria, hata kama anadhani anafuata utaratibu.

Lafudhi nayo ina kanuni yake. Mwajiri anaweza kuitumia dhidi yako pale tu inapozuia kazi yenyewe kufanyika, kwa mfano kazi ya kutwa nzima kwenye simu ambapo wateja hawakuelewi. Kuosha magari, kupanga mizigo, kupika, kuhudumia wazee: hapo "Kiingereza chako kina lafudhi" si sababu. Na dada aliyevaa hijabu asikubali kuambiwa kwamba sare ya kampuni hairuhusu na yakaishia hapo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilimpa ushindi Samantha Elauf, msichana wa Tulsa, Oklahoma, aliyenyimwa kazi na kampuni ya maduka ya nguo ya Abercrombie & Fitch kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwa.

Hatua ya 3: Andika siku hiyo hiyo

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo wengi wanaiacha. Mchunguzi wa mji atakuuliza tarehe, saa, jina na maneno. Ukimjibu "ilikuwa kama mwezi wa tatu hivi, mzungu mmoja", umempa kazi asiyoweza kuifanya.

Chukua daftari, au ujitumie ujumbe wa WhatsApp mwenyewe ili tarehe na saa zijiandike. Ripoti yako ifanane na ya mpimaji, namna hii:

"Jumanne, Machi 4, 9:40 AM. Nimepiga simu namba iliyo kwenye tangazo. Amepokea mwanamume, amejitambulisha kwa jina moja, Mike. Nimeuliza nyumba ya vyumba viwili, kodi dola 1,850, bado ipo? Ameuliza jina langu. Nimelitaja. Ameuliza ninatoka wapi. Nimesema Kongo. Amekaa kimya kidogo, akasema kuna mtu ameshalipa amana jana. Nimeuliza kama kuna nyingine, amesema hapana. Simu imechukua dakika mbili. 10:05 AM nimefungua tangazo, bado lipo, nimepiga picha ya skrini."

Hakuna "alinidharau". Kuna maneno yake, kimya chake, na mpangilio: swali la nchi lilitangulia, jibu la amana likafuata. Mpangilio huo unaongea kuliko hasira yetu.

Saa ziandike kwa namna ya Kimarekani. Ukiandika "saa tatu na dakika arobaini", mkalimani asiye makini ataandika 3:40, na wakili wa mwenye nyumba atasema simu zake za saa hiyo hazionyeshi namba yako. Weka 9:40 AM na mzozo huo hautakuwepo.

Hifadhi tangazo lenyewe likiwa na tarehe, rekodi ya simu ulizopiga, barua pepe, risiti ya ada ya maombi. Ukiwa Seattle, tunza hasa muda uliotuma maombi, kwa sababu tangu mwaka 2017 sheria ya mji huo inamtaka mwenye nyumba aandike vigezo vyake mapema na ampe nafasi mwombaji wa kwanza anayevitimiza. Anayeonyesha muda wake na muda wa aliyepewa ana zaidi ya nusu ya shauri. Kwa kazi, hifadhi tangazo lenye kiwango cha mshahara. New York tangu Novemba 2022, Colorado na Washington, waajiri wanalazimika kukitaja. Ukitajiwa chini ya kiwango hicho, picha ya tangazo ndiyo itakayokusemea.

Kurekodi sauti kwa siri, kuwa mwangalifu sana. New York inaruhusu mtu kurekodi mazungumzo anayoshiriki mwenyewe. Washington, California, Florida, Pennsylvania, Maryland na Massachusetts zinataka ridhaa ya wote wanaozungumza, na kukiuka kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Kalamu haikatazwi popote.

Hatua ya 4: Lazimisha jibu la maandishi

Baada ya simu, tuma ujumbe mfupi wa adabu kwa Kiingereza chepesi: umeona tangazo la nyumba fulani, uko tayari kuhamia tarehe fulani, kipato chako ni kiasi fulani, je, bado ipo na unaweza kuiona lini? Usitaje ubaguzi. Usitishe. Akijibu kwamba imechukuliwa, unayo kwa maandishi. Asipojibu, ukimya wake nao unaandikwa, na siku ya kuulizwa atalazimika kuueleza.

Kwa kazi ni hivyo hivyo: uliza kwa barua pepe kama nafasi imejazwa. Mwajiri aliyekuambia imejazwa na wiki mbili baadaye akalitangaza upya tangazo lile lile amekuachia alama.

Hatua ya 5: Kujipima mwenyewe, na mipaka yake

Rafiki yako Mmarekani anaweza kupiga namba ile ile siku ile ile na kuulizia nyumba ile ile? Anaweza, hakuna kosa. Aulize kama ulivyouliza wewe, asiongeze mbwembwe, na akate simu akaandike ripoti yake kwa mkono wake bila kusoma yako. Awe tayari kutoa ushahidi kwa jina lake. Akiambiwa nyumba ipo, msimpigie mwenye nyumba kumsuta. Nendeni Hatua ya 6 siku hiyo hiyo.

Lakini asijaze fomu yoyote kwa taarifa za uongo, wala kusaini, wala kutoa namba ya Social Security isiyo yake. Wapimaji wa serikali wenyewe huishia kabla ya fomu ya maombi. Ukishamaliza simu moja, waachie waliofunzwa. Jaribio lililovurugwa na marafiki kumi wanaopiga simu kwa zamu humwamsha mwenye nyumba, na wapimaji wakifika wanakuta amejirekebisha.

Hatua ya 6: Peleka kwa wakati

Muda ni mkali, na tofauti zake zinawaangusha wengi:

- Nyumba, kwa HUD: mwaka 1 tangu tukio. Ukitaka mahakama ya serikali kuu moja kwa moja, miaka 2.
- Ajira, kwa EEOC, tume ya serikali kuu: siku 180, zinazofika 300 pale ambapo jimbo au mji una sheria na tume yake.
- Nyaraka za I-9 na ubaguzi wa uraia, kwa kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi cha Wizara ya Sheria: siku 180.
- Tume ya Jiji la New York: mwaka 1 kwa mengi, miaka 3 kwa unyanyasaji wa kijinsia kazini. Mahakamani miaka 3.

Mlango wa kwanza uwe mji au kaunti, na sababu si ya kisheria tu. Februari 2025 HUD ilikata ruzuku za makumi ya mashirika yanayofanya majaribio haya kote nchini, mambo yakaishia mahakamani. Idara ya mji iko karibu, ina sheria pana zaidi na bajeti yake haitoki Washington D.C. pekee. New York piga 311, namba ya huduma za jiji, sema "Swahili", na subiri mkalimani, ni bure. Tume haihitaji uwe na karatasi za uhamiaji ili ikupokee, na hali ya uhamiaji yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayolindwa na sheria ya jiji. Louisville, Philadelphia na Chicago nazo zina tume zao. Maine mlango ni tume ya jimbo, na muda wake ni siku 300.

Mahali ambapo mji hauna idara, piga HUD 1-800-669-9777 kwa nyumba, EEOC 1-800-669-4000 kwa ajira, au namba ya wafanyakazi ya Wizara ya Sheria 1-800-255-7688 kwa mambo ya nyaraka. Uliza mapema kama wanaweza kukupa mkalimani. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri shauri la namna hii. Ataruka maneno yanayomwumiza, na hayo ndiyo yanayohitajika.

Unapoongea na mpokeaji, sema mambo manne ya mwanzo kwa ufupi: nani, lini, alisema nini, na kama nyumba au kazi bado iko wazi. Hilo la mwisho ni muhimu mno. Kama bado iko wazi, omba waziwazi wafikirie kutuma wapimaji, na kwa wenye vocha New York omba waingilie kati kabla ya shauri. Tume ina watu wanaoweza kumpigia mwenye nyumba akiwa bado hajapangisha na kumkumbusha sheria, na wapo waliopata funguo kwa simu moja ya namna hiyo bila kufungua shauri lolote.

Hatua ya 7: Baada ya kufungua shauri

Malalamiko yanapelekwa kwa mlalamikiwa, naye anatakiwa kujibu. Inaweza kupendekezwa mfanye usuluhishi. Msikatae kwa hasira, maana makubaliano yanaweza kukupa nyumba au fidia kwa wiki chache wakati uchunguzi kamili hula miezi. Sheria inaitaka HUD imalize uchunguzi ndani ya siku 100, na mara nyingi hazitoshi. New York tume ikiona kuna sababu ya kuamini ubaguzi umetokea, shauri linakwenda mbele ya hakimu wa mahakama ya utawala ya jiji. Faini ya kiraia inaweza kufika dola 125,000, na dola 250,000 kama ni kwa makusudi au uovu. Faini hiyo ni ya jiji. Fidia yako ni jambo jingine.

Wakati huo huo endelea kutafuta nyumba na kazi, na kuandika. Risiti za hoteli, nauli ya kwenda kazi ya mbali zaidi, gharama ya stoo ya vyombo: vyote huhesabiwa kwenye fidia. Na mwenye nyumba au bosi akikulipizia kisasi kwa kulalamika, hilo ni kosa jipya linalosimama peke yake, hata kama malalamiko ya kwanza yakishindwa. Mpigie mchunguzi wako siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Kuwa mpimaji

Mashirika ya haki za nyumba na baadhi ya idara huwalipa wapimaji posho kwa kila jaribio, na wanahitaji watu wetu. Jaribio la lafudhi haliwezekani bila mtu mwenye lafudhi. Katika miaka ya 1990 mwanaisimu John Baugh alipiga simu kwa wenye nyumba wa eneo la San Francisco kwa lafudhi tatu tofauti, sauti moja ya mtu mmoja, na miadi aliyopewa ilibadilika kulingana na lafudhi na mtaa. Mwanamke mwenye hijabu, baba mwenye watoto watano, kijana anayetumia kiti cha magurudumu, kila mmoja anafungua jaribio ambalo wengine hawawezi kulifanya.

Masharti ya kawaida ni kuruhusiwa kufanya kazi, kutokuwa na hukumu ya udanganyifu, kuhudhuria mafunzo, kuandika ripoti kwa Kiingereza kinachosomeka, na kukubali kuitwa kutoa ushahidi. Usifanye jaribio kwenye jengo unalotaka kupanga kweli, wala kwa mwajiri unayemfahamu. Na usimsimulie mtu jaribio lako, hata mume au mke, mpaka mratibu akuambie limefungwa. Ukipiga simu kuomba nafasi, taja mapema lugha unazozungumza, umri wako na mitaa unayoweza kufika bila shida, kwa sababu hivyo ndivyo mratibu anavyotafuta mwenzako wa kukuweka naye jozi.